Kaske haina waya, lakini simu bado inao

"Jambo fundi. Ninafanya kazi ya mapokezi katika ofisi moja ya mizigo na forodha hapa Lubumbashi. Siku nzima niko kwenye simu ya mezani, nimeibana kati ya sikio na bega huku naandika, hata shingo haigeuki tena vizuri. Patroni alininunulia kaske ya Bluetooth, ile ya kuvaa kichwani yenye spika ya sikioni na mikro. Inashikana na simu yangu ya mkononi, lakini ya mezani imekataa kabisa. Sasa amesema nichague mwenyewe kaske tatu: yangu, ya mwenzangu wa hesabu, na ya kijana wa depo ambaye hatulii mahali pamoja. Muuzaji amenitumia karatasi imejaa maneno: DECT, EHS, RJ9, mono, duo, ANC, HD, mita 100. Nikimuuliza maana, ananijibu tu 'hiyo ndiyo bora zaidi'. Wateja nao wanalalamika kwamba wanasikia mvua na jenereta kuliko wanavyonisikia mimi. Je, nichukue yenye ANC? Na mawimbi hayo kichwani tangu asubuhi hadi jioni hayatanidhuru?"

Mama, kwanza nikuondolee lawama: kaske mliyonunua si mbovu. Imenunuliwa kwa ajili ya simu ambayo haiko mezani kwako. Kosa hilo ninalikuta katika ofisi nyingi za mji huu, na mara nyingi linatokana na namna tunavyosoma maneno mawili, "bila waya". Tunadhani yanahusu safari nzima ya sauti, kumbe yanahusu kipande chake cha mwisho tu.

Tazama kaske ya ofisini ilivyo. Kuna ile unayovaa, na kuna kitako kinachokaa mezani, ambacho pia huichaji. Kati ya kitako na kichwa chako hakuna waya. Lakini kati ya kitako na simu waya upo, na ndio unaoleta shida zote. Kwa hiyo kabla hujasoma karatasi ya muuzaji, geuza simu yako uitazame mgongoni na chini. Huko ndiko kaske inakochaguliwa. Tukishajua simu ina matundu gani, maneno mengi ya karatasi ile yatajipanga yenyewe.

Tuanze na Bluetooth kwa kuwa unayo tayari. Ni redio ya karibu, iliyotungwa ili kuondoa nyaya fupi kati ya vitu vidogo. Jina lenyewe ni la mfalme wa zamani wa Denmark, na hata mimi sijazoea kumtaja mfalme kila ninapounganisha spika. Inatumia mawimbi ya 2.4 GHz, ikirukaruka kati ya njia 79 hadi mara 1600 kwa sekunde ili isigongane na Wi-Fi na vifaa vingine vilivyojazana humo. Vifaa vingi vya Bluetooth vya mkononi vimepimwa kwa umbali wa mita 10 hivi. Ili kaske ishikane na simu, lazima simu nayo iwe na redio hiyo ndani yake. Simu nyingi za mezani za ofisini hazina. Utabonyeza kitufe hadi kidole kiume, haitaitika, kwa sababu upande wa pili hakuna anayesikiliza.

Kuna jambo jingine la Bluetooth ambalo huwafanya watu wanirudishie kaske wakisema imekufa. Wakati wa mapumziko unasikiliza kwaya, sauti safi kabisa. Simu ikiingia, ghafla mteja anasikika kama yuko ndani ya pipa. Kaske haijafa. Bluetooth ina tabia mbili: moja ya muziki, ambayo sauti inakwenda upande mmoja tu na kupewa nafasi kubwa, nyingine ya mazungumzo, ambayo mikro nayo lazima ipate nafasi yake, hivyo sauti ya sikioni inabanwa. Mikro ikifunguka, tabia ya pili inachukua usukani.

DECT ni ukoo mwingine kabisa. Ulianzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990, mahususi kwa simu za nyumbani na za ofisini, na una masafa yake ambayo Wi-Fi haiyagusi: 1880 hadi 1900 MHz. Ndani yake mna njia kumi. Kila njia inakatwa vipande 24 ndani ya milisekunde 10, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde. Vipande 12 vya kwenda na 12 vya kurudi. Kumi mara kumi na mbili, unapata mazungumzo 120 yanayoweza kuishi pamoja angani. Kaske za HD hula nafasi kubwa zaidi, kwa hiyo idadi halisi hushuka, lakini kwenu mko watatu. Msiwe na wasiwasi.

Zile "mita 100" za kwenye karatasi zimepimwa uwanjani, hakuna ukuta, hakuna kabati la chuma. Ndani ya nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye nondo madirishani, usitegemee hata nusu yake. Na chuma ni adui mkubwa kuliko tofali. Nilifunga DECT kwa mteja mmoja mwenye ofisi ndani ya kontena. Mlango ukiwa wazi anazungumza hadi getini. Akiufunga, sauti inakatika akiwa hatua tatu nje ya kontena. Wimbi la redio halipenyi bati la chuma, linatafuta mlango.

Onyo moja kabla sijatoka hapa. Mjini kuna kaske na simu zilizokwisha kutumika, zilizotoka Marekani, zimeandikwa "DECT 6.0". Hiyo 6.0 haina uhusiano na masafa. Ni jina la kibiashara tu. DECT ya Marekani inafanya kazi kati ya 1920 na 1930 MHz. Katika sehemu kubwa ya Afrika, masafa hayo yamo ndani ya eneo ambalo simu za mkononi za 3G hutumia kupeleka sauti yako kwenye mnara. Ukiwasha kifaa hicho unaingia shamba la mwenzako, na hapa kwetu anayegawa mashamba hayo ni ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano. Bei yake huvutia. Iache.

Sasa tufike kwenye EHS, neno ambalo muuzaji angelieleza vizuri usingehitaji kuniandikia.

Simu ya mezani ina tabia ya kizamani: haiamini kwamba unazungumza mpaka mkonga wake uinuliwe. Chini ya mkonga kuna kitufe. Mkonga ukilala, kitufe kimebonyea na mstari umefungwa. Ukiinuka, kitufe kinaruka na mstari unafunguka. Sasa chukua kaske nzuri ya DECT, ya bei unayotaka, uichomeke. Uko korido unachukua faili, simu inalia. Unabonyeza kitufe cha sikioni. Hakuna kinachotokea, kwa kuwa kule mezani hakuna mtu wa kuinua mkonga. Unarudi mbio, unauinua, unaulaza pembeni, ndipo unazungumza. Umenunua uhuru wa kutembea, lakini ni baada ya kupokea tu.

EHS ni waya mwembamba unaotoka kwenye kitako cha kaske kwenda kwenye tundu maalumu la simu. Haupeleki sauti, unapeleka amri: fungua, kata. Na unaleta habari kwamba simu inalia, ndiyo maana unasikia mlio sikioni ukiwa mbali na meza. Kwenye simu mpya kadhaa kazi hiyo inafanywa na waya wa USB wenyewe. Kwa mtu wa mapokezi ninaona ni kichekesho kununua kaske bila waya halafu ukaacha EHS.

Lakini waya huo si mmoja kwa simu zote. Kila kiwanda kina lugha yake, na hata simu mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana. Miaka ya nyuma niliagiza nyaya sita kwa ofisi moja nikiwa nimetazama jina la kiwanda tu, sikuandika modeli. Zikafika, hata mmoja haukukubali. Nilizilipa mwenyewe, ziko bado kwenye droo yangu.

Simu isipokuwa na tundu la EHS kabisa, kama zile za zamani, kuna kifaa cha kuinua mkonga. Kwenye karatasi za Kifaransa utakuta kinaitwa dekrosheri. Ni mkono mdogo wenye injini unaokaa chini ya mkonga. Ukibonyeza kitufe sikioni, unausukuma juu sentimita moja au mbili, ukimaliza unaushusha. Wageni wakiuona mara ya kwanza wanacheka, kama simu imepata jini. Unafanya kazi, ila ukisogezwa kidogo na mtu anayefuta meza, mkonga hautulii sawasawa na ofisi nzima inaonekana iko bize mchana kutwa.

RJ9 ni kile kichwa kidogo cha plastiki chenye nyaya nne, kilicho mwisho wa waya wa msokoto wa mkonga wako. Chomoa ukitazame. Mbili ni za sikio, mbili ni za mikro. Viwanda havikukubaliana zipangwe vipi, ndiyo maana chini ya vitako vingi kuna swichi ndogo ya kutelezesha yenye namba. Ukifunga kaske ukamsikia mteja naye hakusikii, usiipeleke dukani. Fungua mstari usikie mlio wake, telezesha swichi hatua moja moja, kila hatua uliza "unanisikia?" kwa mwenzako aliyepigiwa. Nusu ya "kaske mbovu" nilizoitiwa zilipona hivyo, na mwenye ofisi akanitazama kama nimemwibia pesa ya usafiri.

Tuje kwenye kelele, na hapa nakusihi usome taratibu kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea. ANC ni kwa ajili ya masikio yako. Haimsaidii mteja hata kidogo. Vijimikro vilivyo kwenye vikombe vya masikio husikiliza kelele ya nje, kisha kaske inatengeneza wimbi lililogeuzwa, moja likipanda lingine linashuka, yanazimana kabla hayajafika ndani. Inafaa sana kwa mvumo mzito usiobadilika: jenereta, kiyoyozi, injini ya lori lililosimama. Kwa sauti za watu, au matone ya mvua juu ya manjanja, yaani mabati ya paa, nguvu yake ni ndogo, kwa sababu kelele hizo zinabadilika kabla hesabu haijaisha.

Malalamiko ya wateja wako yanatibiwa na kitu kingine: mikro yenye kupunguza kelele. Maneno yanafanana, kazi ni mbili. Mikro ya aina hiyo ina matundu mawili au zaidi. Moja linatazama mdomo, jingine linatazama nje. Sauti yako inalifikia la kwanza ikiwa na nguvu kuliko la pili. Mvua inayafikia yote mawili sawasawa. Kaske inatoa moja kwenye jingine, kinachobaki ni wewe. Lakini hesabu hiyo inakubali tu mikro ikiwa karibu na mdomo, kama vidole viwili kutoka pembe ya midomo, si mbele ya pumzi. Mikro fupi inayoishia shavuni, kama ya kaske nyingi za Bluetooth za sikio moja, inasikia mvua karibu sawa na inavyokusikia wewe. Basi tafuta yenye mkono mrefu wa mikro, na uushushe. Nimeona watu wamenunua kaske ya dola nyingi wakaweka mikro juu ya paji la uso kama miwani.

Jaribu kabla ya kulipa: vaa kaske ya dukani, simama karibu na jenereta, mpigie mtu wa nyumbani umwulize anasikia nini. Wewe mwenyewe huwezi kujijaribu, kwa sababu mikro haikuambii kitu.

HD maana yake ni sauti pana. Simu ya kawaida hubeba sauti kati ya hertzi 300 na 3400 tu. HD hubeba kuanzia 50 hivi hadi 7000. Tofauti utaisikia kwenye kazi yako hasa. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, nawe unamsomea mtu herufi kwa Kifaransa. F na S zinatofautiana kwa ule upepo wa mwisho tu, na sehemu kubwa ya upepo wa S iko juu ya 3400, pale simu ya kawaida inapokata. Ndiyo maana mnabishana kila siku, "F ya fungu au S ya samaki?" HD ingewasaidia, ila ni lazima njia nzima iwe HD: kaske, simu, mtambo wa ofisi unaogawa simu, na simu ya mteja. Kiungo kimoja kikiwa cha kawaida, wote mnashuka hadi kwake. Ndani ya ofisi yenu inaweza kufanya kazi. Kwa mteja wa nje usiihesabu. Usilipe zaidi kwa ajili yake peke yake, endelea na samaki.

Mono ni sikio moja, duo ni mawili. Mtu wa mapokezi avae mono, maana mgeni anasimama mbele yako anakusalimu. Uliza pia kama kaske inakurudishia sauti yako mwenyewe kidogo sikioni. Isipofanya hivyo unajisikia kama umezibwa, unaanza kupaza sauti bila kujua, na saa kumi jioni koo limekwisha.

Kuhusu mawimbi: hofu yako naielewa, na jibu langu ni tulivu. DECT inatoa nguvu ya miliwati 250 kwa kilele, lakini kifaa kinaongea katika kipande kimoja kati ya 24, hivyo wastani ni kama miliwati 10. Bluetooth ya mita 10 haizidi miliwati 2.5. Simu ya mkononi ya 2G unayoibana shavuni inaweza kufikia wastani wa miliwati 250 inapotafuta mnara ulio mbali. Kuhamia kaske kunakupunguzia, hakukuongezei. Kinachoweza kukuumiza kweli ni sauti kubwa. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na saa 40 ndiyo wiki yako ya kazi. Kelele ya nje ikipanda, mkono wako unapandisha sauti ya kaske bila kukuomba ruhusa. Kwa hiyo ANC ina faida, lakini ni hii: inakuwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini.

Na umeme. Betri ya kaske inaweza kuwa imejaa, lakini umeme ukikatika kitako kinazimika, na mazungumzo yanakatika hapo hapo. Chomeka kitako na simu, pamoja na kifaa kinachoilisha simu hiyo mtandao, kwenye onduleri moja, kile kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika. Halafu muulize muuzaji kama betri inabadilishwa. Betri za lithiamu huchoka baada ya kuchajiwa mamia ya mara, na kaske iliyogundishwa kwa gundi inakufa pamoja na betri yake.

Kama ningekuwa naagiza mimi: kwako DECT ya mono, mikro ndefu, na waya wa EHS wa modeli ya simu yako. Kitako kinachokubali pia kompyuta kwa USB ni kizuri ikiwa mnapokea simu za mtandaoni, vinginevyo ni mapambo. Mwenzako wa hesabu haondoki kwenye kiti. Mnunulie kaske ya waya, duo. Haina betri wala kitako, ni nafuu, na mara nyingi sauti yake ni bora. Najua patroni ataona kama umemnyima, lakini mweleze. Kijana wa depo ni habari nyingine. Akipita nyuma ya makontena DECT yenu itamwacha. Mpe ile kaske ya Bluetooth mliyonayo, aivae na simu yake ya mkononi, na mtambo wa ofisi uelekezwe kumpelekea simu zake huko. Kila simu itakayoelekezwa mtailipia, basi patroni ajue mapema. Badilisha sponji ya sikio kabla hujampa, na avae upande mmoja tu, maana malori yanarudi nyuma mle ndani.

Mwite fundi aje mwenyewe ikiwa mwangwi au mkwaruzo unaendelea hata ukitumia mkonga wa kawaida. Hapo kaske haina kosa, ni mstari au mtambo. Na masikio yakivuma baada ya kazi hadi asubuhi, au shingo ikiendelea kukaza wiki chache baada ya kuacha kubana simu, nenda kwa daktari. Usiningoje mimi.

Kesho asubuhi piga picha mbili: mgongo wa simu, matundu yote yaonekane, na kibandiko cha chini chenye modeli. Mtumie muuzaji zote mbili, mwambie akuandikie namba ya waya wa EHS unaokubali modeli hiyo, kabla hujalipa. Kibandiko kikiwa kimefutika, na simu ni ya kioo chenye menyu, modeli imeandikwa pia humo ndani, kwenye ukurasa wa taarifa za simu.